Mathe Alimjua Muuaji Kabla Yangu

Wacha niseme mapema ndio mtu asije akalia baadaye: hapa nitamtaja muuaji. Kitabu kilitoka 1977. Mmekuwa na muda wa kutosha.

Pia najua nitatukanwa. Hapa kwetu chini ya Mlima Kenya, kusema kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o kimekuboesha ni kama kusimama katikati ya harambee na kusema hutoi kitu. Watu wanakugeukia polepole. Lakini nimekisoma chote, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na nadhani mtu akishamaliza kitabu anaruhusiwa kusema alichohisi. Nilichohisi ni kwamba nilipunjwa.

Ilikuwa Julai mwaka jana, ile baridi ya Nyeri ya kukufanya uongee ukitoa moshi mdomoni. Nilikuwa nimetoka kurekodi video hapo karibu na Whispers Park, nateremka kwenda stage, na kuna buda huwa anatandika vitabu vya mtumba kwenye gunia. Mimi ni kastoma wake wa zamani. Huwa nanunua James Hadley Chase, zile zenye karatasi ya njano na gamba lililobandikwa na selotepu. Hiyo siku alikuwa amepanga Ngũgĩ juu kabisa. Mzee alikuwa amefariki Mei 28 huko Marekani na kila mtu ghafla alikuwa msomaji wake.

Nikamwambia mimi sitaki vitabu vya shule. Nataka mauaji.

Akachomoa Petals of Blood. "Hiki ndicho cha mauaji," akasema. "Matajiri watatu wamechomewa ndani ya nyumba usiku. Watu wanne wanashukiwa. Chukua na soo na hamsini, utalala saa nane."

Hakunidanganya. Watatu wanakufa kweli: Chui, Kimeria na Mzigo, wakurugenzi wa kiwanda cha pombe kinaitwa Theng'eta. Wanne wanashukiwa kweli: Munira mwalimu, Karega mtu wa chama cha wafanyakazi, Abdulla mwenye mguu mmoja aliyepigana msituni, na Wanja, mwenye hiyo nyumba iliyochomeka. Kuna inspekta anaitwa Godfrey. Kuna hata taarifa ya gazeti. Nilisoma kurasa za kwanza nikiwa kwenye matatu ya kurudi Karatina na karibu nipitishwe stage yangu. Nikajiambia, manze, hii ni Chase ya Kikuyu.

Halafu kitabu kikarudi nyuma miaka kumi na miwili.

Na kikakaa huko.

Wacha nieleze kwanza kwa nini hiyo iliniuma, maana kuna mtu anasoma hapa na hajawahi kusoma kitabu cha upelelezi. Hivi vitabu vina mkataba. Mtu anauawa, kunakuwa na swali, na kuanzia hapo kila kitu unachoonyeshwa ni ama dalili ama mtego. Kikombe kilichoachwa mezani kina maana. Mbwa ambaye hakubweka ana maana. Wewe msomaji unapewa vitu vile vile anavyopewa mpelelezi, kisha mnashindana. Akikushinda kwa haki unafurahi. Mwandishi ana deni, na deni linalipwa mwisho.

Waswahili wenzetu wanaujua huo mkataba kitambo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960, na Bwana Msa wake na kiko chake anafuata dalili moja moja mpaka mwisho. Faraji Katalambula wa Tanzania akatoa Simu ya Kifo mwaka wa 1965, na Inspekta Wingo haendi likizo katikati ya kesi. Vitabu vyembamba hivyo. Unaweza kukimaliza kimoja Jumapili moja na bado ukapata muda wa kufua.

Sasa huyu Godfrey wa Ngũgĩ anaonekana mwanzo, halafu unamsubiri kama fundi aliyekula deposit. Katikati kuna mvua inayokataa kunyesha. Kuna kijiji, Ilmorog, na duka, na punda. Kuna shule ya bweni inaitwa Siriana, na migomo yake, na walimu wakuu wake. Kuna historia ya Afrika nzima. Kuna wakili mzuri sana ambaye akianza kuongea unaweza kwenda kuweka chai jikoni, ukarudi, ukampata bado anaongea. Karega naye akishaamka kisiasa, kila akifungua mdomo ni hotuba. Nilikuwa nikigeuza kurasa nikitafuta maiti kama mtu anatafuta chaji ya simu.

Kwa chaneli yangu nilikuwa nimeanza kitu kinaitwa Siku Thelathini, Kitabu Kimoja. Kila jioni dakika moja, naeleza nimefika wapi. Siku ya tisa nilikuwa nimekwama. Siku ya kumi na nne niliwasha kamera, nikaangalia lenzi, na nikasema: "Wasee, hii kitabu ni moto."

Ilikuwa uongo. Nilikuwa nimelala nayo kifuani siku tatu mfululizo.

Kwa nini sikuiacha tu? Hapo ndipo ninataka kufika, kwa sababu mtu mwingine angeiacha. Beste yangu wa Nanyuki, ambaye ana digrii, huacha vitabu ukurasa wa thelathini na analala vizuri. Anasema maisha ni mafupi. Mimi sina huo uhuru.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, semista ya pili. Sikufukuzwa. Sitasema ni chuo gani kwa sababu hakikunikosea kitu. Karo ilikuwa imebaki, ndio, lakini si karo peke yake. Nilianza kukosa darasa moja, kisha mawili, kisha nikawa naamka naenda kukaa mahali pengine na simu, na siku moja nikagundua sijaingia darasani wiki sita na hakuna aliyeuliza. Nilirudi nyumbani na begi moja na ringilaiti. Tangu siku hiyo, kila kitu ninachoanza kina watu wanakihesabia siku. Nikianza kufuga kuku: "atamaliza?" Nikianza mazoezi: "wacha tuone." Mjomba wangu ana namna ya kusema "huyu wetu" ambayo ina sentensi nzima ndani yake.

Kwa hivyo ukiacha chuo, unapoteza pia haki ya kuacha kitabu. Hiyo ndiyo niligundua. Nilimaliza Petals of Blood kwa sababu niliogopa kuwa mtu ambaye hawezi kumaliza Petals of Blood.

Sasa mathe.

Mathe huuza waru na kabeji Karatina sokoni. Jioni akirudi tunakaa jikoni karibu na moto, tunachagua maharagwe ya kesho, mawe huku, mazima huku. Yeye husoma Biblia ya Kikuyu na hiyo inamtosha. Kizungu cha riwaya hana haja nacho. Lakini anapenda stori, na mimi nilikuwa na kitabu kilichonishinda, nikaona nimhadithie ndio nibaki macho. Nilikuwa nasoma mchana, usiku namwambia kwa Kikuyu nilichosoma.

Usiku wa kwanza nikamwambia: matajiri watatu wamechomwa. Polisi wameshika mwalimu, kijana wa union, mzee wa duka na mama wa nyumba. Wengine wanahojiwa. Mwalimu anakaa seli anaandika taarifa yake, anaandika na anaandika, anataka kueleza kila kitu tangu mwanzo.

Mathe hakuinua macho kutoka kwa ungo. "Ni mwalimu," akasema.

"Umejuaje na hata hatujaanza?"

"Mtu hana neno, atasema sikuwa hapo, anyamaze. Huyo anaandika kitabu kizima. Ana kitu anazunguka."

Nikacheka. Nikamwambia, mathe, vitabu si hivyo. Yule unayemshuku mwanzo ndiye huwa si yeye. Nikamweleza mambo ya mitego. Akasema sawa, endelea na kitabu chako.

Niliendelea siku ishirini na nne zingine, nikiombea mathe awe amekosea. Kila mhusika mpya nilimpokea kama tumaini. Labda ni mbunge. Labda ni wakili na maneno yake. Labda ni inspekta mwenyewe, hiyo ingekuwa noma. Nikafika mwisho, Godfrey akarudi kutoka alikokuwa, na muuaji akatoka: ni Munira. Mwalimu. Alikuwa ameokoka kwa ule wokovu mkali, akaona Karega anapotezwa na Wanja, akaamua nyumba ya dhambi ichomwe. Akamwaga petroli akawasha.

Nilikaa na hicho kitabu mkononi kama mtu ametumiwa pesa kidogo kuliko alivyoahidiwa.

Kwa haki, kuna mambo zaidi. Usiku huo huo Wanja alikuwa tayari amemkata Kimeria na panga, yule mtu aliyemharibia maisha tangu akiwa msichana wa shule. Na Abdulla naye alikuwa amekuja na nia yake ya kumuua huyo huyo Kimeria, kwa sababu ndiye alimsaliti rafiki yake wakati wa vita vya msituni. Akakuta moto, akaingia kumwokoa Wanja. Yaani watu watatu, usiku mmoja, nyumba moja, kila mmoja na sababu yake, na hakuna anayejua kuhusu mwenzake. Ukimpa Chase hiyo kitu anakuandikia kurasa mia moja na sitini za kukufanya usile. Hapa inakuja umechoka. Ni kama kuletewa nyama choma saa saba usiku wakati umeshalala.

Na sio ati siri haiwezi kujulikana mapema ikawa tamu. Agatha Christie ana kitabu cha 1926, sitakitaja jina, ambapo anayekusimulia ndiye mwenye damu mikononi. Watu wanabishana mpaka leo kama ilikuwa haki. Lakini alikuficha huku akikuonyesha kila kitu. Ngũgĩ hakuficha na hakuonyesha. Aliweka mauaji mlangoni kama bango, na ukishaingia ndani unakuta kitu kingine kinauzwa.

Hiyo ndiyo lalamiko langu, na bado nalisimamia. Ukiita watu kwa mauaji, wape mauaji.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya mara ya pili.

Kuna sehemu watu wa Ilmorog wanaamua kwenda mjini kumwona mbunge wao. Ukame umewamaliza. Wanatoka kijiji kwa mguu, na mkokoteni wa punda wa Abdulla, kwenda kumwambia mtu waliyempigia kura kwamba wanakufa. Njiani mtoto Joseph anagonjeka. Wanabisha kwa nyumba ya kasisi mwafrika mwenye jina la kizungu. Anawapa maombi na hawapi chakula. Hiyo sehemu ni ndefu na sikuwahi kuangalia imebaki kurasa ngapi. Nilipomhadithia mathe, aliacha kuchagua maharagwe. Akasema, "Huyo kasisi namjua." Sio mwenyewe, unaelewa. Lakini anamjua.

Na kuna Nyakinyua, shosho yake Wanja. Barabara kubwa inafika Ilmorog, maendeleo yanafika, benki inafika. Watu wanaambiwa wachukue mikopo, wazungushe ua, wakate vipande vya shamba, wawe wakulima wa kisasa. Mikopo inashinda wengi. Shamba la shosho linatangazwa kuuzwa. Anajaribu kuwaambia watu wasimame, hawasimami vile alitaka, na anakufa. Wanja anauza biashara yake yote ili kulikomboa hilo shamba.

Nilisoma hiyo mchana. Jioni nilifikiria kuiruka nisimwambie mathe. Wacha niseme kwa nini.

Tulikuwa na nusu eka upande wa chini, karibu na mto. Ilikuwa na miti ya kahawa ambayo guka alipanda. Iliuzwa ndio niende chuo. Hakuna benki ilitulazimisha, hakuna mnada, hakuna mbunge. Jirani alitaka, mathe akauza, tukaenda kununua sanduku na blanketi, akanisindikiza mpaka stage amevaa ile sweta yake ya kanisa. Miaka miwili na kitu baadaye nikarudi na ringilaiti. Hajawahi kuliongelea. Hata siku moja. Jirani aling'oa kahawa akaweka avokado, na zimeanza kuzaa. Tukienda mtoni tunapita hapo.

Nilimwambia hiyo sehemu ya Nyakinyua. Nilijaribu kuipitisha haraka. Mathe akanyamaza, kisha akauliza, "Na huyo msichana, alilirudisha?"

Nikasema alilirudisha.

"Kwa pesa gani?"

Nikamwambia: aliuza nyumba yake ya biashara. Baadaye akafungua nyingine ya wanaume kuja kununua wasichana, na yeye mwenyewe akiwemo. Mathe akatikisa kichwa, sio kwa kumlaumu. Akasema, "Kulirudisha si kazi ndogo." Akamwaga maharagwe kwenye sufuria.

Mimi nilikuwa nimekaa hapo na kitabu cha mauaji, na kwa mara ya kwanza sikutaka kujua nani alimuua nani.

Baadaye niliingia kutafuta historia yake, maana nilitaka kuelewa huyu mzee alikuwa anafikiria nini kuandika kitabu kirefu hivi. Petals of Blood ilizinduliwa Nairobi mwaka wa 1977, na aliyekuja kuizindua ni Mwai Kibaki wa Othaya, hapa hapa kwetu, akiwa waziri wa fedha. Fikiria. Kitabu kinasema matajiri wapya wamekula jasho la maskini, na waziri wa fedha anakizindua. Hakuna aliyekamatwa. Kitabu kilikuwa kwa Kizungu, ni kinene, kinauzwa mjini. Kililala salama kwenye rafu.

Mwaka huo huo Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wameandika mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, na watu wa kijiji cha Kamirĩĩthũ huko Limuru wakauigiza wenyewe. Wakulima na wafanyakazi wa viwanda. Huo ulipigwa marufuku baada ya wiki chache tu. Na mwisho wa Desemba polisi wakaja kumchukua Ngũgĩ nyumbani, akafungwa Kamiti bila kesi karibu mwaka mzima. Huko ndani akaanza kuandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikuyu, kwenye karatasi ya choo. Petals of Blood ndiyo riwaya yake ya mwisho kuandika kwanza kwa Kizungu.

Sasa nisikilizeni. Wale watu wanaoniambia urefu wa kitabu ndio uzito wake, wanijibu hii. Mambo ni yale yale: shamba, matajiri, wafanyakazi, wanaookoka na kula vya wengine. Kitabu kinene cha Kizungu waziri alikuja kukipongeza. Mchezo wa jioni moja, kwa lugha ambayo mama wa soko anaelewa, ndio uliotisha serikali. Mimi sidhani mzee mwenyewe hakuliona hilo. Nadhani aliliona kuliko mimi, na ndio maana alibadilisha lugha.

Na mimi nimeliona jikoni kwetu. Kurasa zaidi ya mia tatu zilinichukua mwezi. Mathe alizipata kwa Kikuyu, vipande vipande, huku mikono yake ikifanya kazi, na alishika kila kitu: muuaji usiku wa kwanza, kasisi, shamba. Nilivyokuwa nahadithia nilikuwa naruka hotuba. Hakuna siku aliuliza, "Na yule wakili alisema nini zaidi?"

Kwa hivyo ukiniuliza msimamo wangu, ni huu. Kama kitabu cha mauaji, Petals of Blood imefeli. Kama kitabu cha vile watu wanapoteza shamba, iko ndani yangu na haitoki. Na kingekatwa theluthi moja hakuna kitu kingepungua. Haya mambo matatu yanaweza kuwa kweli pamoja, na sitaomba msamaha kwa hata moja.

Kuna msamaha mmoja ninadaiwa, lakini. Ile video ya "kitabu ni moto". Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniandikia mwezi wa nane. Alikuwa ameomba pesa kwa dadake akanunua kitabu kwa sababu yangu. Akaniambia amefika kwa ukame, hajui kinaenda wapi, anajiona mjinga kwa sababu mimi nilisema ni moto na yeye analala. Akauliza, "Kwani shida ni mimi?"

Nilikaa na hiyo meseji muda mrefu kuliko nilivyokaa na sura yoyote ya kitabu. Kwa sababu hilo ni swali langu. Nililiuliza nikiwa chuo, nyuma ya darasa, wenzangu wakiandika na mimi sisikii kitu. Hakuna mtu aliniambia hata yeye haelewi. Kila mtu alikuwa anasema ni moto.

Nikamjibu ukweli. Nikamwambia hata mimi nililala, nilisema vile kwa sababu niliogopa watu. Nikamwambia akiruka mpaka pale wanaanza safari ya kwenda mjini, asome hapo, halafu aamue. Akitaka kukiacha, akiache. Kuacha kitabu ni kuacha kitabu tu.

Niliandika hiyo sentensi ya mwisho haraka, na baada ya kuituma nikairudia mara mbili. Sijui kama naiamini kwa mambo yote. Kwa vitabu naiamini.

Akanijibu wiki mbili baadaye. Amesoma safari. Amelia kwa sababu ya punda. (Punda anakufa baadaye, ndege inaanguka kijijini inamuua. Sikutaka kumwambia.) Bado hajaamua kama atamaliza.

Mimi kitabu nimekirudisha kwa yule buda wa gunia. Alinipa soo na Chase mbili juu. Akauliza, "Si nilikwambia utalala saa nane?" Nikamwambia nililala saa mbili, na siku nyingine hata kabla ya taarifa. Akacheka mpaka akakohoa.

Usiku nilipomaliza kumhadithia mathe mwisho, nilitarajia aniringie. Nilimwambia kwa sauti ya kushindwa: ni mwalimu kweli, ulikuwa sahihi. Alisema "mm", kama mtu umemwambia kesho ni Jumanne. Hakuwa amekaa mwezi mzima akimsubiri muuaji. Alikuwa na swali lake lingine.

"Na yule kijana, Joseph. Yule alikuwa mgonjwa njiani. Alisoma?"

Nikamwambia alisoma. Alipita vizuri sana, akaenda ile shule kubwa, Siriana.

"Akamaliza?"

Moto ulikuwa umepungua. Nikasukuma kuni ndani.

"Kitabu kinaisha akiwa bado anasoma," nikasema.

Mathe akafikiria hiyo kidogo. "Sawa," akasema. "Bado ana muda." Kisha akanipa ungo upande wangu, kwa sababu nilikuwa nimeacha mawe mengi ndani.